Barua ya wazi kwa viongozi wapya wa vijana: mnakula mawindo ya nani?

Bwana Yesu asifiwe wanangu. Salamu zenu nimezipata, marahaba wote, hata nyie ambao hamkuniamkia, manake leo nataka tuongee habari ya kupendelea watu na sitaki nianze kwa kuhesabu nani kaniamkia na nani kanipita.

Hongereni kwa kuchaguliwa. Mtu akichaguliwa anapigiwa makofi halafu hakuna anayemwambia kitakachomsumbua, kwahiyo acha mzee niwaambie. Sio kuongea mbele za watu, hiyo mtazoea. Wala sio hela, hela ina risiti. Kitakachowasumbua ni kwamba kuanzia sasa mna vitu vya kugawa, nani asome neno, nani aimbe peke yake, nani apelekwe semina, nani awe wa kwanza kwenye ule mfuko wa msaada, nani akichelewa asemwe mbele za watu na nani akichelewa aambiwe pole na safari. Hivyo vyote havina risiti. Unaweza kupendelea watu miaka kumi na vitabu vyako vikakaguliwa vikaonekana safi kabisa.

Naandika wazi makusudi. Nilitaka kumpigia mwenyekiti peke yake nikaona hapo nitakuwa nimeshaanza, huyu namnong'oneza wale nawaacha.

Sasa nianze na mzee mwenzangu Isaka. Ukisoma Mwanzo 25:28 Biblia haizunguki, inasema Isaka alimpenda Esau kwasababu alikula mawindo yake. Basi, nyama. Mtoto wa ahadi, aliyelazwa juu ya kuni na baba yake akashushwa mzima, mtu mzito kabisa katika imani, ila ikija kwa watoto wake mwenyewe tumbo ndio lilikuwa linaamua. Rebeka naye akampenda Yakobo, ambaye alikuwa mtulivu wa kukaa hemani, yaani alikuwa karibu yake kutwa. Na hakuna mahali panaposema Isaka alimchukia Yakobo. Hapo ndipo nataka mkae kidogo. Sisi tukisikia upendeleo tunatafuta mtu mwenye roho mbaya, mwenye chuki, tukijikagua hatuoni chuki tunasema basi hilo tatizo mimi sina, wakati upendeleo mara nyingi unaingilia mlango wa upendo. Unampenda huyu, kweli unampenda, ila ukifuatilia kwanini unakuta kuna kitu anakulisha.

Kwahiyo kila mmoja wenu akiwa peke yake ajiulize, mimi nakula mawindo ya nani? Kuna kiongozi analishwa sifa, akiongea tu kuna mtu anaitikia amina kabla sentensi haijaisha. Kuna analishwa kicheko, huyo ni mimi nitawaambia. Kuna analishwa vizawadi, vocha ya simu leo, lifti kesho. Kuna analishwa kutosumbuliwa, fulani haulizi maswali basi fulani ni mtu wa Mungu. Na kuna analishwa kufanana, anamwona kijana fulani anajiona yeye alipokuwa na umri ule, ongea yake, asili yake, anakotoka, na hii mimi naiogopa kuliko zote kwasababu mtu anajipendelea mwenyewe halafu anaita ni malezi.

Haya, yangu. Nilikuwa mlezi wa kwaya muda mrefu, wengine mlikuwa hamjazaliwa. Kulikuwa na kijana mmoja na binti mmoja, majina nayaacha. Yule kijana alikuwa anacheka vichekesho vyangu, na vichekesho vyangu mnavijua, havichekeshi. Akiniona natokea anakimbia kunipokea mkoba, kiti changu ameshakifuta. Binti alikuwa anaimba kumzidi, kila mwenye masikio alijua, ila alikuwa na tabia ya kuuliza. Michango ya sare imefikia ngapi. Mazoezi yamehamishwa mbona hatujaambiwa. Maswali ya kawaida kabisa, leo nikiyakumbuka naona aibu, ila wakati ule nilishamwandika moyoni kwamba huyu ni mjeuri. Basi sehemu ya kuimba peke yake nikampa kijana. Mwaka uliofuata tena kijana. Ikaja nafasi ya kwenda kujifunza kinanda, kijana. Na kila mara nilikuwa na sababu! Hii muiandike mahali. Sikuwahi hata siku moja kusema nampa huyu kwakuwa nampenda, nilisema ana ushirikiano, ana moyo wa utumishi, ananyenyekea. Ukiwa kanisani upendeleo haukosi sababu ya kiroho.

Binti akaacha kuja mazoezini, baadae nikasikia kahamia ushirika mwingine. Sikumfuata. Nilisema si mnaona, nilijua tu hana uvumilivu. Imepita miaka na miaka ndio nikakutana naye, ana familia yake, nikamwomba msamaha, tena nilikuwa nimejiandaa na maneno mazito na leso mfukoni. Akaniambia babu mimi nilishakusamehe zamani, hata nilishasahau, ila mdogo wangu ndio hajasahau, alikuwa anakaa benchi la nyuma ananisubiri mazoezi yaishe, alikuwa anaona kila kitu, mpaka leo haendi kanisa lolote.

Mimi nilikuwa hata sijui kama ana mdogo wake. Yule mtoto nilikuwa nampita pale nyuma kila wiki.

Na kijana wangu je? Alipokuja mlezi mwingine baada yangu akamrekebisha sauti mara moja tu mbele ya wenzake, akanuna, akaacha kwaya. Alikuwa hajawahi kurekebishwa tangu aanze, angezoea wapi. Kwahiyo mkimpendelea mtu msidhani mmempa kitu, kuna vitu mmemnyima, ila yeye wakati huo havioni na nyie hamvioni.

Ndio maana siku hizi nikisoma habari ya Yusufu na ile kanzu aliyopewa na baba yake Yakobo kwa kumpenda kuliko ndugu zake, namwonea huruma hata Yusufu mwenyewe. Yakobo alikuwa ameshaonja uchungu wa baba mwenye kipenzi, alimpoteza ndugu yake miaka mingi kwa ajili hiyo, ungetegemea huyu ndio asirudie, wapi. Kuna kipande watu wanakipita haraka, Mwanzo 33, siku anayokwenda kukutana na Esau akijua Esau anakuja na watu 400 na anaweza kumuua. Akawapanga watu wake. Mbele vijakazi na watoto wao, halafu Lea na watoto wake, mwisho kabisa nyuma Raheli na Yusufu. Fikiria wewe ni mtoto wa yule kijakazi wa mbele. Hujaambiwa neno baya, hujapigwa, umeonyeshwa tu mahali pa kusimama, na umeelewa baba akitaka mtu wa kupoteza ataanza na nani. Kanzu ilikuja baadae. Mimi naona wale watoto walikuwa wameshajua siku ile barabarani. Yusufu akiwa na miaka 17 ndugu zake wakamuuza kwa vipande 20 vya fedha, na baba akaletewa kanzu ina damu.

Kwahiyo mnapopanga nani akae wapi, nani asimame mstari wa mbele na nani abebe viti, jueni watu wanasoma mpango wenu kuliko wanavyosikia mahubiri yenu.

Nyumbani kwangu pia nilikuwa na hilo, nisijifanye lilikuwa kwaya tu. Bibi yenu aliniambia siku moja, wewe yule wa pili unamwita kwa jina la utani, yule wa kwanza unamwita "wewe hebu njoo". Nikabisha. Nikabisha sana kwa kweli. Kesho yake asubuhi nikajisikia mwenyewe mdomo unasema wewe hebu njoo.

Turudi kwa Yakobo maana haijaisha na hapa ndipo pana dawa. Miaka kama 22 imepita, ukipiga hesabu ya umri wa Yusufu, wale ndugu wako Misri wanaomba chakula, hawajui wanayeongea naye ni nani. Ni Yusufu, sasa ndiye mkubwa wa pale. Anawakalisha mezani, Benyamini mdogo wao anapewa sehemu mara tano ya wengine. Biblia haisemi kwanini alifanya hivyo, wengi tunaona alikuwa anawapima, manake ni jeraha lile lile kalishika tena, kaka wakubwa mkiona mdogo anapendelewa mtafanya nini safari hii? Halafu kikombe cha Yusufu, alichoagiza mwenyewe kifichwe, kikakutwa kwenye gunia la Benyamini. Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza Yusufu, akasogea akasema nichukue mimi niwe mtumwa, kijana aende zake. Soma maneno yake Mwanzo 44. Anasema wazi kwamba roho ya baba imeshikamana na roho ya huyu kijana. Yaani anajua, anajua vizuri kabisa kwamba baba bado anapendelea. Baba hajabadilika hata kidogo! Aliyebadilika ni Yuda.

Hii nawaambia nyie mliowahi kupitwa, najua mpo, na wengine mmeingia kwenye huu uongozi mkiwa na orodha moyoni ya waliopendelewa zamani, sasa ni zamu yao kukaa benchi la nyuma. Hapana wanangu. Huo ni upendeleo ule ule umebadilisha shati tu. Yuda alikuwa na nafasi ya kulipiza bila kunyoosha hata kidole, angenyamaza tu, kikombe si kimekutwa? Akampenda kipenzi wa baba yake mpaka akataka kukaa badala yake. Na huyo ndio ambaye Bwana wetu alitoka kwenye kabila lake.

Sasa tuje kwenye viti. Waraka wa Yakobo (huyu ni Yakobo mwingine, msichanganye) sura ya pili anatoa mfano wa mtu mwenye pete ya dhahabu na nguo nzuri anaingia kwenye mkutano na maskini anaingia na nguo mbovu, mmoja anaambiwa keti hapa pazuri, mwingine simama kule au keti chini. Wengi tunausoma tunasema aa sisi hatuna hiyo. Hebu niwaambie, Uingereza na Marekani kwa muda mrefu yalikuwepo makanisa yanayokodisha mabenchi, familia inalipia benchi lake, mengine yana kamlango kabisa, asiye na hela atajua mwenyewe pa kukaa. Watu wanaomba, wanalia, wanatoa sadaka, na benchi lina bei. Mwaka 1860 huko Marekani likaanzishwa kanisa la Free Methodist, na kwenye hilo jina la uhuru mojawapo ya maana ilikuwa mabenchi ya bure kwa kila mtu, nyingine ilikuwa kupinga utumwa. Na kabla ya hapo, mwishoni mwa karne ya 18, mji wa Philadelphia, waumini weusi walifuatwa wakiwa wamepiga magoti katikati ya sala wakashikwa wainuliwe, kosa lao wamepiga magoti upande ambao sio wao. Absalom Jones, ndiye aliyekuwa anavutwa, aliomba wasubiri sala iishe kwanza. Hawakusubiri. Wakatoka, yeye na Richard Allen na wenzao, na ndipo ilipoanzia safari iliyozaa kanisa la African Methodist Episcopal mwaka 1816. Nikisoma hiyo huwa nawafikiria wale waliokuwa wanawavuta. Walikuwa wazee wa kanisa kama mimi. Walikuwa wanalinda utaratibu.

Angalieni Yakobo anaanzaje. Hasemi muwe na adabu kwa wageni, anasema imani mliyo nayo katika Bwana wetu Yesu Kristo, Bwana wa utukufu, msiwe nayo kwa kupendelea watu. Neno utukufu hajaliweka pale kama pambo. Kama utukufu wote ni wa Yesu basi mwenye pete hana utukufu wa kukugawia, ukikaa karibu yake huongezeki na ukikaa karibu ya maskini hupungui. Tunapendelea kwasababu tunahisi tutapungua, hiyo ndio njaa yenyewe ya Isaka. Mtu ambaye ameshiba kwa Kristo, yaani ameshaamini kweli kwamba amependwa bila kuleta nyama yoyote, huyo ndio anaweza kumtazama mtu asiyemlisha chochote akampenda tu. Mimi sijafika huko wanangu, nipo njiani na magoti yanauma, ila njia ni hiyo, sijaona nyingine. Semina za usawa nzuri, sheria nzuri, ila mwenye njaa atapitia dirishani.

Na neno lenyewe la upendeleo kwenye Kigiriki cha Agano Jipya limejengwa kwa maneno ya kupokea uso. Kumbukumbu la Torati 10:17 kupendelea nyuso na kula rushwa vimekaa mstari mmoja, kama mtu na mdogo wake.

Tukija kwa Petro hapa ndio nataka mpunguze kujiamini. Matendo 10 ameonyeshwa ile shuka kutoka mbinguni mara tatu, ameingia nyumba ya Kornelio, mtu wa mataifa, amesema kwa mdomo wake kwamba hakika natambua ya kuwa Mungu hana upendeleo, Roho Mtakatifu kashuka mbele ya macho yake. Ungesema huyu kapona. Kafungue Wagalatia 2. Yuko Antiokia anakula vizuri na watu wa mataifa, wakaja watu kutoka kwa Yakobo, yule kiongozi wa kanisa la Yerusalemu, akaanza kusogea pembeni taratibu, akajitenga, na Wayahudi wengine wakamfuata, mpaka Barnaba! Barnaba yule mwenye moyo wa kufariji watu naye akachukuliwa. Petro hakubadilisha mafundisho, alibadilisha meza tu. Na sababu imeandikwa, aliwaogopa. Kwahiyo mtu anaweza kupendelea bila kumpenda huyo anayempendelea, ni woga tu, atanionaje, watasemaje nikikaa na wale.

Paulo akamwambia palepale mbele ya wote. Sasa nyie mna Paulo? Naomba muweke mmoja kabisa, kazi yake kwenye kila kikao ni kuuliza hili tumemfanyia huyu, je angekuwa fulani tungemfanyia? Awe anabadilishwa baada ya muda, manake akikaa sana ataanza kufurahia hiyo kazi na yeye tena atakuwa na watu wake wa kuwasema. Na akiwaambia msimnunie. Petro alipoandika waraka wake wa pili alimwita Paulo ndugu yetu mpendwa, na ni huyu huyu aliyemwaibisha mezani.

Halafu ile orodha ya msaada. Hapo nawasihi. Matendo 6 kanisa la kwanza kabisa, mitume wenyewe wapo, na bado wajane wa upande wa Wayahudi wanaoongea Kiyunani walikuwa wanasahauliwa kwenye mgawo wa kila siku. Sidhani kuna aliyekaa akapanga tuwanyime. Wagawaji walikuwa wanawajua wale wa kwao, lugha yao moja, wanajua nyumba zao, basi mkono unakwenda ulikozoea. Mitume hawakusema mnalalamika sana nyie hamna imani. Wakachaguliwa watu saba na ukiyasoma yale majina saba, Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao, yote ni majina ya Kiyunani. Yaani inaonekana kapu zima walipewa watu wa upande uliokuwa unalalamika. Nyie mnaweza? Yule anayewasumbua kila siku kwamba kwetu hakufiki kitu, mpeni daftari aandike yeye. Mimi ningefanya hivyo kwa yule binti na michango yake ya sare kwaya isingekuwa na deni.

Kwenye kuchagua watu, vigezo viandikwe kabla hamjajua nani ameomba, mkishaona majina mtatengeneza vigezo vinavyomfanana mtu mnayemtaka, na mtafanya hivyo mkiwa mmeshikana mikono mnaomba. Waimbaji wasikilizeni wakiwa nyuma ya pazia. Msicheke, maokestra mengi Marekani yalianza hivyo miaka ya 1970, mpigaji anapiga nyuma ya pazia majaji hawajui ni mwanamke au mwanaume, mweusi au mweupe, mwanafunzi wa nani. Ni kama kumsaidia mtu asipokee uso, uso umefichwa.

Lafudhi nayo, hili ni dogo ila linauma. Mtu anasimama kusoma neno, anatamka tofauti kidogo, benchi zima mabega yanatikisika kwa kicheko. Waamuzi 12 watu 42,000 wa Efraimu waliuawa, na waliokuwa wanavuka mto walikuwa wanapimwa kwa neno moja tu, sema Shibolethi, akisema Sibolethi amekwisha. Petro naye usiku ule Yesu alipokamatwa, uani kwa kuhani mkuu, lafudhi ndio iliyomtaja. Na kabla ya hapo Nathanaeli alishauliza kama laweza neno jema kutoka Nazareti, na jibu la Filipo lilikuwa fupi, njoo uone. Hakubishana naye kuhusu Nazareti. Mkisikia mtu anasema wale wa sehemu fulani ndivyo walivyo, msianze mdahalo, mchukueni mkono mumpeleke akakae na mmoja wao kazini, kwenye usafi, kwenye kubeba wagonjwa, huko ndiko dhana zinakufa, mdomoni hazifi.

Swali ambalo najua mtaniuliza, je, ina maana tusiwe na marafiki? Muwe nao. Yesu alikuwa na wale 12, ndani yake watatu aliokuwa anapanda nao mlimani, na mmoja anaitwa mwanafunzi aliyempenda. Hakujificha kwamba kuna watu yuko nao karibu zaidi. Ila mama yao Yakobo na Yohana alipokuja kuomba viti viwili, mkono wa kuume na wa kushoto, hao hao marafiki zake wa karibu, akawaambia si yangu kuwapa. Urafiki upo, kiti hakipo. Na usiku wa mwisho alipochukua beseni akawaosha miguu, Yuda Iskariote alikuwa bado hajatoka, na hakuna palipoandikwa kwamba kwa Yuda maji yalikuwa ya baridi zaidi.

Sasa kilichonifanya niandike leo nisisubiri. Nimesikia ile nafasi ya kwenda kusoma muziki mnaitolea uamuzi hivi karibuni, na mjukuu wangu ameomba. Sikujua, kaniambia juzi, akasema babu si unaongeaga nao. Nikakaa kimya kwa muda ambao sio mzuri kuusema, kwasababu yule mtoto nampenda sana, na anacheka vichekesho vyangu.

Msimpe kwa ajili yangu. Wala msije mkamnyima ili watu waone nyie mna haki kweli kweli hamwogopi mzee, manake Walawi 19:15 inakataza pande zote mbili, usimpendelee maskini na usimstahi mwenye nguvu. Mwekeni nyuma ya pazia aimbe kama wenzake. Siku ya kikao chenu mimi sitakuja, na simu nitaizima mpaka matokeo yabandikwe ukutani.

Babu yenu